Vesela Hakuhama

Basi lilipoingia chini ya paa la kituo cha mpaka, Vesile alifuta ukungu wa dirisha kwa kiganja, akatazama nje, na hakupajua. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa amepahifadhi kichwani jinsi alivyopaacha: lami imeyeyuka kwa jua la Julai, magari madogo yamebebeshwa magodoro na majokofu mpaka yanaburuza matumbo, watoto wanalia, ng'ombe wa mtu kafungwa nyuma ya trekta. Sasa palikuwa na vioo, taa nyeupe na mistari ya njano. Hakuna aliyelia. Msaidizi wa dereva alipita na chupa ya manukato ya limau, akimimina matone viganjani mwa kila abiria kama ilivyo desturi ya mabasi ya Bursa, huku akisema, "Hati mkononi, jamani. Wenye kadi za Bulgaria kushoto, wenye viza kulia."

Vesile hakuwa wa kushoto wala wa kulia.

Mkobani alikuwa na pasipoti mbili. Moja ya Uturuki, mpya, jina lake Vesile, pichani amejifunga ushungi; viza haikuwamo. Nyingine ya Bulgaria, ya mwaka 1989, jalada limechanika pembeni. Humo alikuwamo mwanamke wa miaka thelathini na tatu, kichwa wazi, nywele zimechanwa kwa haraka, macho yamemtoka kama mtu aliyeamshwa na kelele. Chini yake jina la mtu mwingine: Vesela Hristova Asenova. Muda wa pasipoti hiyo ulikwisha zamani, lakini pasipoti ikifa uraia haufi nayo, na hilo kila mhamaji wa Bursa analijua kama anavyolijua duka la mkate la mtaani kwake. Raia haombi viza ya kuingia kwao. Anafika dirishani, anaulizwa yeye ni nani, anajibu, anapita.

Shida ya Vesile ilikuwa hapo penye kujibu.

Asubuhi ile simu ilikuwa imelia birika likiwa bado jikoni. Alikuwa Sabahattin, mtoto wa dada yake, anapiga kutoka kijijini kwao Karatarla, Bulgaria.

"Mama mdogo," alisema, "mama ametutoka. Alfajiri."

Vesile alikaa chini. Baada ya kulia kidogo aliuliza maziko ni lini.

"Kesho, baada ya swala ya adhuhuri. Wewe usijisumbue, najua huna viza, na viza ni wiki tatu."

"Imamu ni nani?"

"Mpya. Kijana, kasomea mjini. Kafika mwezi jana."

"Anamjua mama yako?"

"Atamjulia wapi? Lakini usiwe na wasiwasi, mama mdogo. Kila kitu kimo kwenye karatasi."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyanyua. Saa mbili na nusu alikuwa stendi.

Karatasi za dada yake zilisema Minka binti wa Hristina. Jina lake lilikuwa Mümüne, na la mama yao Hayriye. Januari ya mwaka 1985, theluji ikifika magotini, askari waliizingira Karatarla kabla ya kucha, wakaweka meza katika ofisi ya kijiji na juu yake orodha ya majina. Kila Mturuki wa Bulgaria achague jina la Kibulgaria, lake na la watu wake, na si la walio hai peke yao. Hata wafu walipewa mapya, maana daftari lilitakiwa kuwa safi mbele na nyuma. Hayriye alikuwa kitandani na kifua. Vesile akaenda kwa niaba yake. Karani alimwambia, "Chagua upesi, wenzako wanaganda nje." Naye, kwa kutafuta angalau kitu cha kuokoa, akafuata herufi. Vesile akawa Vesela. Kwa mama yake kidole kilishuka kwenye orodha ya H kikasimama penye Hristina.

Alirudi nyumbani akamwambia. Hayriye aliitazama dari.

"Herufi umeniachia," alisema. "Mimi mwenyewe umenipeleka wapi?"

Hakuliitika jina lile mpaka kufa. Zahanati muuguzi aliita "Hristina! Hristina Asenova!" na mwanamke yule akakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, kama aliyeitwa si yeye, na kweli hakuwa yeye. Ilikuwa kazi ya Vesile kuinuka na kusema, "Yupo." Mara ngapi alisema hivyo, hajui.

Alikufa Februari ya 1987. Kwa desturi yetu maiti akishafukiwa watu husogea hatua arobaini, imamu akabaki peke yake kaburini kumsomea talakini: humwita kwa jina lake na la mama yake, mara tatu, apate kuinuka huko chini na kukumbushwa majibu kabla malaika hawajafika. Siku ile imamu wa kijiji alikuwa ameamriwa abaki kwake. Aliyesimama kaburini ni bwana wa ofisi ya kijiji, kofia ya manyoya kichwani, akasoma mistari mitano ya Kibulgaria: kwaheri Hristina, mkulima hodari wa tumbaku. Kisha akaikunja karatasi na kuwatazama. Watu wakaanza kusogea. Vesile alidhani atabaki. Alikuwa amelishika jina la mama yake mdomoni kama mtu aliyeshika maji. Yule bwana akamtazama, naye akameza, akaondoka na wenzake. Hatua arobaini alizihesabu zote.

Miaka miwili baadaye Waturuki walifukuzwa nchini kwa malaki. Mpakani askari aliita, "Vesela Asenova?" akajibu, "Ndiyo." Alipokanyaga upande wa pili alitema mate chini, akaapa kwamba damu ikiwa bado inamtembea jina hilo hataliitika tena. Mümüne alikuwa amfuate baada ya kuvuna tumbaku. Kabla tumbaku haijakauka mpaka ukafungwa, na ulipofunguliwa tena mumewe alikuwa amepooza, akabaki.

Majira ya baridi ya kwanza ya Bursa, katika chumba cha kupanga, mama yake alikuja. Alfajiri, birika lilipoanza kuimba. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, kampa mgongo, kilemba chake cha kazi kichwani. Vesile aliita, "Mama." Hakugeuka. Akaita tena. Alipozunguka kumwona uso, kigoda kilikuwa kitupu. Tangu hapo hakukoma: miaka ishirini na miwili ya kiwanda cha taulo, harusi za watoto, msiba wa mume, chumba kikawa nyumba, na kila baada ya siku kadhaa birika likianza kuimba yule pale, mgongo, kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni.

Alimwambia Mümüne peke yake, kwa simu.

"Kwangu anakaa bandani, penye tumbaku," akasema. "Na kwangu ni mgongo."

"Pengine anatupima nani atachoka kwanza."

"Mama? Atatushinda wote."

Walicheka, halafu kicheko kikawaishia. Ndipo Mümüne alipomwambia, "Mimi usiniache hivyo, mdogo wangu. Siku yangu ikifika uje. Utapita na hati gani, shauri yako. Uje usikie nimeitwa mimi."

Kwa nini Mümüne mwenyewe hakurudishiwa jina, na ilikuwa fomu moja tu tangu utawala ule wa kikomunisti uanguke? Kwa sababu nyumba, shamba na kitabu cha hospitali vilikuwa vya Minka, na kwa sababu, kama alivyozoea kusema, wale watu wakirudi wataanza na waliojirudishia. Na Vesile? Yeye fundo lake lilikuwa jingine. Ili kulifuta jina la Vesela ilimpasa kwanza aingie kama Vesela, aitikie Vesela, asaini Vesela. Hata katika ubalozi mdogo wa Bulgaria huko Bursa lazima uanze kwa kusema wewe ni nani. Kwa hiyo hakwenda, na jina likaishi.

Foleni ilisogea. Nyuma yake alikuwa mzee Rüstem, fundi plasta mstaafu aliyekaa naye kiti kimoja tangu Bursa, mtu anayevuka mara nne kwa mwaka kwenda kupogoa mizabibu yake. Dirishani alikuwa ofisa wa kike, kijana, nywele zimefungwa, kikombe cha kahawa kimepoa kando.

"Jina?"

"Vesile." Alitoa pasipoti ya Uturuki.

"Viza iko wapi, mama?"

Vesile aliisukuma ile ya zamani chini ya kioo. Ofisa aliigeuza huku na huku kama kitu kilichookotwa darini kwa babu.

"Hii inanizidi umri," alisema, akaandika namba kwenye kompyuta, akangoja. "Haya, nimekupata. Vesela Hristova Asenova. Ndiye wewe?"

"Siye."

Neno lilimtoka kabla hajaliita. Alilisema kwa Kibulgaria, lugha ambayo hakuwa ameitumia tangu siku ile ya mate.

"Si wewe?"

"Huyo si mimi."

Ofisa aliweka kalamu chini. "Basi wewe ni raia wa Uturuki usiye na viza. Na pasipoti ya mtu mwingine umeitoa wapi?"

Rüstem alichungulia begani kwa Vesile. "Binti, mama huyu ana msiba, dada yake kafa leo—"

"Babu, simama nyuma ya mstari." Kisha akamgeukia Vesile, bila ukali. "Nina basi zima hapa. Kaa pale kwenye benchi, ufikiri wewe ni nani, halafu urudi."

Alikaa. Abiria walipita mmoja mmoja, kadi juu, kadi chini, Ayşe akipita kwa jina la Anna, Salih kwa jina la Sava, wengine wakipita kwa majina yao waliyojirudishia zamani. Rüstem alipomaliza kupigiwa mhuri alikuja kuketi kando yake akamega simiti, mkate wa duara wenye ufuta, akampa kipande.

"Kula. Ukifa njaa hapa watagombana nani akuzike."

"Wewe umejibuje pale?"

"Mimi huku ni Rumen. Na Rumen ni mtu mzuri, dada. Hanywi, hana madeni, hajawahi kugombana na mke wangu. Mke wangu anasema angemjua mapema angeolewa naye."

Vesile hakucheka. "Na ukifa?"

"Nikifa nini?"

"Watakuita nani?"

Rüstem alitafuna polepole. "Nimemwambia mwanangu: niite Rüstem, na uite kwa sauti, sikio la kushoto halisikii." Akakung'uta ufuta magotini. "Wewe unaogopa nini? Jina halichomi."

"Wewe lako ulipewa na nani?"

"Karani. Nilikataa kuchagua, akanipa."

"Mimi nilichagua. Langu na la mama. Kwa kidole hiki."

Mzee alikitazama kidole kile kama kitakuwa na alama. Nje honi ya basi ililia mara mbili. Msaidizi wa dereva alisimama mlangoni akaonyesha vidole vyote kumi: dakika kumi.

"Sikiliza, dada," Rüstem alisema, sauti imeshuka. "Sasa hivi dada yako kalazwa sakafuni, kisu juu ya tumbo lisivimbe, wanawake wanamsomea. Hawezi kusema hata neno moja kujitetea. Wewe unaweza kusema matatu. Maneno matatu, basi."

Alimwacha, akaenda zake kwenye basi. Vesile alibaki na kipande cha simiti mkononi. Alimwona mama yake zahanati, mikono mapajani, hainuki. Hayriye angekaa kwenye benchi hili mpaka jioni, mpaka wazime taa, mpaka kesho kutwa. Na yeye ni mtoto wa Hayriye. Lakini Hayriye hakuwahi kuwa na mtu anayemngoja ng'ambo, aliyelala kimya na kisu juu ya tumbo.

Alirudi dirishani.

"Haya," ofisa alisema. "Ndiye wewe?"

"Ndiyo."

"Jina kamili, niandike kwenye maelezo."

"Mimi ni Vesela Hristova Asenova."

Sauti iliyotoka haikuwa ya bibi wa miaka sitini na tisa. Ilikuwa nyembamba, ya haraka, ya mtu aliyezoea kusema "Yupo" kabla muuguzi hajakasirika. Vesile alikaribia kugeuka aone nani amesema.

Ofisa alichapa fomu, akamwonyesha pa kusaini. Alisaini. Mkono uliijua saini ile kuliko yeye.

"Hati hii imeisha, utatengeneza kadi mpya ukiwa huku. Anwani haijabadilika: Cherna Niva, namba kumi na saba." Hilo ndilo jina la Karatarla kwenye ramani, vijiji navyo vilichaguliwa majina, zamani zaidi ya watu. "Sawa?"

"Nilihama mwaka themanini na tisa."

Ofisa aliangalia tena kwenye kioo chake. "Humu hujahama. Humu upo nyumbani." Alisema hivyo kama anayemsomea mtu saa za treni. "Na jina kama hulitaka, mama, ni fomu moja, ofisi ya kijiji, bure. Miaka thelathini na zaidi sasa."

"Najua, mwanangu."

Kwenye basi walimpigia makofi kidogo, mtu akamwambia, "Karibu kwenu, dada," mwingine akasema kule nyuma, "Alikuwa anasahau jina lake, uzee huo." Rüstem alikuwa amehamia mbele kuzungumza na dereva. Vesile aliketi dirishani, akaweka mkoba kwenye kiti kitupu kando yake. Basi lilipoanza kwenda aliuinua mkoba akaupakata. Walipofika daraja la kwanza ndipo alipotambua kwa nini ameuinua: alikuwa amempisha mtu aketi. Aliurudisha upesi, akaubana kwa kiwiko mpaka mji wa Kırcaali.

Sabahattin alimpokea stendi jua likizama. Ni mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, anamwaga lami barabara za Ubelgiji, mikono kama majembe, na alilia kwenye bega la mama yake mdogo kama mtoto. Kijijini, kwenye nguzo ya kituo cha basi, taa za gari zilimulika tangazo la msiba lililobandikwa: picha ya Mümüne amefunga kilemba, na chini yake, kwa herufi nene, MINKA.

"Simamisha gari," alisema Vesile.

"Mama mdogo, wachapaji wanaiga cheti. Sikuwa na akili ya kuwaambia."

"Na imamu? Naye ataiga cheti?"

Sabahattin alisugua macho kwa kiganja. Akawasha gari.

Mümüne alikuwa amelala kama Rüstem alivyosema, kisu juu ya shuka. Vesile alimbusu paji, akamwambia sikioni, "Nimefika." Wanawake walimwachia nafasi. Baadaye, walipokuwa wawili jikoni, Sabahattin alishusha kabatini kopo kubwa la biskuti, akalifungua. Lilikuwa limejaa barua. Wito wa kupiga kura, karatasi za sensa, barua ya zahanati ya kupima macho bure, kadi ya ofisi ya kijiji kumtakia heri mwanamke aliyetimiza miaka sitini na mitano. Zote za Vesela Hristova Asenova, nyumba namba kumi na saba.

"Hakutupa hata moja," Sabahattin alisema. "Zikija alikuwa anasema, 'Leo Vesela kaitwa kwenda kupiga kura, hataki, mvivu yule.' Nilijua ni utani. Ila miaka hii ya mwisho nikipiga simu ananiambia, 'Ngoja, Vesela yupo jikoni.' Nilidhani ni jirani. Leo nimewauliza majirani. Hakuna Vesela."

Vesile alilifunga kopo. Meza ilikuwa na viti viwili. Mto wa kiti cha pili ulikuwa umechakaa katikati, kama vile unavyochakaa mto unaokaliwa.

Kesho yake adhuhuri ukungu ulikuwa umelala juu ya makaburi. Huku kwetu wanawake huishia ukutani. Wanaume ndio wanaoingia na jeneza. Vesile alifika ukutani, akapita langoni.

"Dada," mzee mmoja alimwambia kwa upole, "wanawake hapa—"

"Nimevuka mpaka mgumu kuliko ukuta huu, kaka. Niache."

Walimwacha. Alisimama kando mpaka udongo wa mwisho ulipomwagwa, na wanaume walipoanza kusogea hatua arobaini yeye hakusogea. Imamu kijana, ndevu changa, alichutama upande wa kichwa cha kaburi. Alitoa cheti kilichofunikwa kwa nailoni dhidi ya umande, akakohoa.

"Ewe Minka binti—"

"Mümüne," alisema Vesile. "Mümüne binti Hayriye."

Imamu aliinua macho. "Mama, cheti kimesema—"

"Cheti hakijafa, mwanangu. Aliyekufa ni dada yangu."

Kijana aliitazama karatasi, akamtazama mwanamke, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha akaita, sauti imenyooka, mara tatu: "Ewe Mümüne binti Hayriye." Akaendelea na mengine, Mola wako ni nani, Mtume wako ni nani, kibla chako ni kipi. Vesile alisikiliza mpaka neno la mwisho.

Imamu aliposimama, Vesile alimshika mkono wa joho. "Yupo mwingine. Pale, jiwe la tatu. Mama yangu. Hakuitwa."

"Alizikwa lini?"

"Themanini na saba."

"Bibi, talakini ni ya siku ya kuzikwa. Miaka thelathini na minane…" Hakuwa mkaidi, alikuwa anatafuta kwenye yale aliyosoma, hakupata. "Sikufundishwa hilo."

"Bado anasubiri."

Kijana alilitazama lile jiwe. "Mama yake yeye aliitwa nani?"

Vesile alifungua mdomo, akagundua kwamba hajui. Bibi yao alikufa kabla hawajazaliwa, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

"Asiyejulikana mama yake huitwa binti Hawa," imamu alisema. "Sote ni wa Hawa." Kisha, badala ya kuondoka na wale wengine langoni, alitembea polepole akihesabu midomoni, na alipofika hatua ya arobaini alisimama, akawapa mgongo makaburi.

Kwenye jiwe kulikuwa na kibati chenye kutu, na kwenye kutu jina lile alilolichagua. Vesile alichutama. Mtoto wa kwetu hamwiti mama yake kwa jina, awe hai au mfu. Ni utovu wa adabu ambao mkono hupigwa kwa ajili yake. Katika maisha yake yote alikuwa amesema "mama" tu, na pale jikoni, miaka yote ile, "mama", "mama", kwa mgongo usiogeuka. Mama wako wengi. Aliyekuwa anasubiri kuitwa ni mmoja.

"Hayriye," alisema. Halikutoka vizuri. Akajaribu tena, kwa sauti, mpaka wanaume langoni wakanyamaza. "Ewe Hayriye binti Hawa. Hayriye. Ni mimi Vesile niliyekuita."

Ukungu haukusogea. Kunguru mmoja alitembea juu ya ukuta. Alingoja kwa muda ambao mtu mgonjwa wa kifua angehitaji kujiinua, kisha akasimama, akapangusa magoti.

Alfajiri iliyofuata aliamka kabla ya wote akaweka birika. Maji yalianza kuimba. Hakuna aliyekuja. Alitazama kigoda cha dada yake karibu na jiko, akatazama mlango wa bandani, akaenda mpaka bandani akaona kamba tupu na majani mawili makavu sakafuni. Alidhani atafurahi. Alirudi akamimina chai, akainywa akiwa amesimama, na masikio yake yakawa yanasikiliza kimya kile kama mtu anavyosikiliza nyumba iliyohamwa usiku na wapangaji bila kuaga. Ndipo aliposikia, au alidhani amesikia, kiti cha pili mezani kikilia kidogo, kama kinavyolia kiti mtu akijiweka sawa. Hakugeuka kukitazama.

Basi la kurudi Bursa lilikuwa linapita saa tatu na nusu. Sabahattin alimbebea mkoba mpaka kituoni.

"Arobaini utakuja, mama mdogo?"

"Nitakuja."

"Basi tupitie ofisini. Wanafungua saa tatu. Fomu ile ni dakika tano, nimewauliza. Ukija tena utaitwa kwa jina lako."

Vesile alitazama kilimani. Kutoka kituoni nyumba ilionekana yote: paa, banda, dirisha la jikoni. Mümüne hayupo. Sabahattin Jumapili anarudi kwenye lami yake. Barua zitakuja na kukuta mlango umefungwa.

"Sabahattin, nikimfuta yule, hapa atabaki nani?"

"Nani? Yule nani?"

"Jirani ya mama yako."

Alimtazama mama yake mdogo usoni aone kama ni utani, na hakuweza kuona. Basi lilitokeza konani na taa zake za njano. Vesile alimbusu mashavu yote mawili, akamwambia ale vizuri huko Ubelgiji, akapanda. Msaidizi alimwomba hati ili aandike orodha ya mpakani, naye akampa ya kwanza ambayo mkono uliigusa mkobani, bila kuangalia ni ipi. Aliketi dirishani. Kiti cha kando kilikuwa kitupu, akakijaza kwa mkoba na koti, na safari hii hakukiangalia tena.

Sabahattin alibaki kituoni, ufunguo wa nyumba mkononi, mpaka basi lilipozama kwenye ukungu wa bondeni. Kisha akapanda kilima kwenda kufunga nyumba. Mlangoni, kabla ya kuingiza ufunguo, alijikuta anabisha hodi.